Ngamia kwa Punda: Vichekesho Vinavyosafiri Kati ya Olaya na Pwani Yetu

Alhamisi usiku mtaa wa Olaya, mjini Riyadh, haulali. Wiki ya kazi imekwisha, maana tangu mwaka 2013 Wasaudia wanapumzika Ijumaa na Jumamosi badala ya Alhamisi na Ijumaa kama ilivyokuwa zamani, na magari yanajipanga kuanzia mnara wa Faisaliah hadi mnara wa Mamlaka. Mlinzi wa jengo, dereva anayemngoja tajiri wake nje ya mkahawa, na dada anayemalizia kuosha vyombo ghorofani, wote simu zao zinalia. Kutoka Tanga, Mombasa, Unguja na Kampala picha zimeanza kuingia. Mbuzi kumi juu ya mti mmoja. Paka amelala ndani ya sufuria. Kuku anampiga mbwa. Hakuna msiba ndani yake, hakuna karo ya shule, hakuna anayekumbushwa deni. Ni kicheko tu kimevuka bahari.

(Mbuzi wale, kwa wanaotuuliza, ni wa kweli. Wako Morocco, na hupanda mti wa argan kufuata matunda yake.)

Waandishi wengi wa habari huvidharau vitu hivi. Vinaitwa porojo, upuuzi wa mtandao, vya kumalizia bando. Sisi tunadhani vinastahili kuandikwa kwa urefu, kwa sababu kwa Mwafrika Mashariki aliyeko Saudi Arabia picha ya mnyama hufanya kazi ambayo barua haiwezi kuifanya. Na kwa sababu vilevile kuna watu wamelala rumande kwa ajili ya kucheka. Tutafika huko.

Tuanze na Olaya yenyewe. Ni mtaa wa maofisi, mabenki, maduka ya kompyuta na hoteli, na minara yake miwili ni mzaha uliosimama. Faisaliah, uliokamilika mwaka 2000, una urefu wa mita 267 na tufe kubwa la kioo karibu na ncha yake. Wengi huuona kama kalamu. Mamlaka, wa mwaka 2002, una mita 302 na tundu kubwa juu, basi watu wa kila taifa wanaufananisha na kifungulio cha chupa. Katika nchi ambayo pombe ni marufuku, utani huo una ladha yake. Picha ya mnara ule mkononi mwa mtu, imepigwa kwa ujanja ili aonekane anafungulia soda, imeshatumwa Afrika Mashariki mara nyingi kuliko picha rasmi ya mnara.

Vijana wa leo hawawezi kujua safari ya picha kama hiyo ilikuwa ngumu kiasi gani. Intaneti ilifunguliwa kwa raia wa Saudi Arabia mwezi Januari 1999, na miaka ile ya mwanzo yote ilipitia mlango mmoja, taasisi ya serikali mjini Riyadh inayoitwa Mji wa Sayansi na Teknolojia wa Mfalme Abdulaziz. Hapo kila ukurasa ulichujwa. Ukifungua kisichotakiwa unaletewa tangazo kwamba ukurasa huu hauruhusiwi. Siasa ilizuiliwa, picha za uchi zilizuiliwa, mijadala mingi ya dini ilizuiliwa. Tembo hakuzuiliwa. Ndiyo maana barua pepe za enzi zile, zile zilizokuja na majina ya watu arobaini juu yake kabla hujafika kwenye ujumbe wenyewe, zilijaa tembo, twiga, mapacha walioungana na maajabu ya mboga zenye sura za watu.

Kisha ikaja simu yenye kamera, ikapigwa marufuku. Wakubwa walihofia picha za wanawake kwenye maharusi na madukani. Marufuku ilipoondolewa mwishoni mwa mwaka 2004, simu hizo zilikuwa zimeshaingia kwa njia za panya kiasi kwamba sheria ilikuwa inakimbiza upepo. Bluetooth ndiyo iliyofungua kila kitu. Vijana wa Kisaudia waliitumia madukani kupelekeana majina na nambari bila kuonekana wakizungumza. Wafanyakazi wa kigeni waliitumia kwa sababu haikuwa na bei. Ukikaa kwenye basi la kampuni kutoka kambini hadi kazini, dakika arobaini, unarushiwa na jirani yako Mfilipino simba anayekimbizwa na nyati, nawe unamrushia kibao cha taarab. Hakuna aliyemwuliza mwenzake lugha.

Siku hizi ni WhatsApp, na Ijumaa Mwafrika wa Olaya anateremka Batha kwa treni. Njia ya buluu ya metro ya Riyadh, iliyofunguliwa Desemba 2024, inaunganisha Olaya na Batha moja kwa moja, na tiketi ya kawaida ya saa mbili iliwekwa riyali 4. Batha ndiko kwenye masoko ya wageni, maduka ya kutuma fedha, vitumbua vya Kihindi na mitaa ambako utasikia Kiswahili, Kiamhari, Kibangla na Kimalayalam ndani ya hatua ishirini. Watu wanakutana, wanasalimiana, halafu simu zinatolewa. Umemwona huyu?

Katika picha zote zilizopita katika simu hizo kwa miaka zaidi ya ishirini, ipo moja ambayo sisi tunaipa nafasi ya kwanza, na ni ya kwetu.

Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilivuka Bahari ya Hindi kutoka Sumatra. Kwa upande wa Afrika, Somalia ndiyo iliyoumia zaidi. Huko Malindi, viboko waliokuwa wamesukumwa na maji ya Mto Sabaki hadi baharini walikumbwa na bahari iliyochafuka, na mtoto mmoja, wa umri wa mwaka mmoja hivi, akaachwa peke yake juu ya mwamba. Wavuvi, wanakijiji, askari wa wanyamapori na watalii walihangaika naye kwa nyavu mchana kutwa. Kiboko mtoto si mtoto wa kubebwa. Alikuwa na uzito wa kilo 270 hivi. Aliyefanikiwa kumkaba hadi akafungwa alikuwa mgeni aliyeitwa Owen, na kiboko akapewa jina hilo.

Alipelekwa Haller Park, Bamburi, Mombasa, bustani iliyooteshwa juu ya machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Alipofunguliwa tu, akakimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, aliyekisiwa kuwa na miaka 130, akajificha hapo kama mtoto anavyojificha nyuma ya mama. Kobe huyo aliitwa Mzee. Mwanzo Mzee alimfokea kwa namna ya makobe, akaondoka zake. Owen akamfuata. Baada ya siku chache walikuwa wanakula pamoja, wanalala pamoja, na Owen akamlamba Mzee usoni. Mzee, tukumbushane, alikuwa dume.

Picha yao ilizunguka dunia nzima. Ilifika Riyadh, ilifika Jeddah, na kwa mara ya kwanza Mswahili aliyekuwa akirushiwa maajabu ya Wachina na Wamarekani alikuwa na ajabu la kwao la kumwonyesha mwenziwe, lenye jina lisilohitaji kufasiriwa. Jaribu kumweleza Mfilipino maana ya neno mzee. Utaanza na umri, utaingia kwenye heshima, na mwisho utajikuta unamsimulia babu yako.

Mwaka 2007 walitenganishwa. Owen alikuwa amekua mno, angeweza kumvunja Mzee kwa mchezo tu, akaunganishwa na kiboko jike aitwaye Cleo. Na mpiga picha? Picha zilizowafanya mashuhuri zilipigwa na Peter Greste, mwandishi wa Australia aliyekuwa na makazi Kenya. Huyu ndiye Greste aliyekamatwa Cairo mwezi Desemba 2013 pamoja na wenzake wa Al Jazeera, akakaa jela siku 400 kwa kufanya kazi yake, akatolewa Februari 2015. Katika watu kumi waliowahi kuisambaza picha ya kiboko na kobe, tunashuku kama yupo mmoja anayelijua hilo. Sisi ambao nyumbani tunapaita nyumbani kwa mbali tunalijua vizuri.

Tsunami ileile ilizaa na picha nyingine. Wiki chache baada yake barua pepe ilienea ikionyesha samaki wa kutisha, wenye meno kama sindano, wengine laini kama ute, ikidai kwamba ni viumbe wa vilindini waliotupwa pwani na mawimbi. Wengine walisema Thailand, wengine India. Picha zilikuwa halisi, samaki walikuwa halisi, habari ilikuwa ya uongo. Samaki wale walivuliwa mwaka 2003, mwaka mzima na zaidi kabla ya tsunami, na wanasayansi wa Australia na New Zealand waliokuwa wakichunguza vilindi vya Bahari ya Tasman. Katika safari hiyohiyo ndipo alipopigwa picha yule samaki mnene mwenye pua kama ya mlevi, ambaye mwaka 2013 alipigiwa kura kuwa mnyama mbaya kuliko wote duniani. Masikini, ndani ya maji yake mazito hana sura ile. Amevimba na kulegea kwa kutolewa kwao.

Lakini iliyotuumiza zaidi watu wa Ghuba na wa Pwani ni ile ya binti wa Oman. Wasomaji wenye umri wetu wataikumbuka. Kiumbe nusu mtu, nusu mnyama, amelala na ngozi yenye mikunjo. Na chini yake maelezo kwamba huyu ni msichana wa Oman aliyeudharau Msahafu mbele ya mama yake, Mwenyezi Mungu akamgeuza. Ilipitishwa kwa Bluetooth, ikachapwa kwenye karatasi, ikasomwa vijiweni na barazani. Wako waliolia walipoiona. Wako waliowatisha watoto wao nayo. Na kwa kuwa Oman na Unguja ni ndugu wa damu, watu walipigiana simu kuuliza binti ni wa ukoo gani.

Hakuwa wa ukoo wowote. Ni sanamu. Ilitengenezwa mwaka 2003 kwa silikoni, ngozi na nywele na msanii wa Australia, Patricia Piccinini, ambaye hutengeneza viumbe wa namna hiyo ili watu wajiulize sayansi inatupeleka wapi. Na kama ni maajabu mnataka, chukueni hili: Piccinini amezaliwa Freetown, Sierra Leone, mwaka 1965. Binti wa Oman ana mama wa Kiafrika kwa kuzaliwa, naye hajui kwamba mwanawe alisilimishwa na kulaaniwa kwa siku moja.

Tunacheka, lakini aliyetunga maelezo yale alikuwa anajua anachokifanya. Alichukua kitu kitakatifu akakifanya chambo. Aliyeitilia shaka picha alionekana anaitilia shaka dini. Muumini wa kweli hahitaji silikoni ili aheshimu Kitabu chake, na mashekhe kadhaa tunaowajua walisema hivyo hivyo, kwa sauti ya chini.

Kinachotusikitisha ni kwamba maajabu ya kweli yapo tele, tena mlangoni petu, na hayapewi nusu ya kasi ile. Mwulize kijana wa Batha habari za binti wa Oman, anazo. Mwulize habari za silakanti. Huyu ni samaki ambaye wataalamu walimjua kutokana na mawe tu, wakaamini alitoweka pamoja na madinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, hadi alipovuliwa mmoja mzima Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania wakaanza kumtoa baharini kwa nyavu zao, Kilwa kwanza na kisha Kigombe karibu na Tanga, si mmoja wala wawili. Mwaka 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili yake. Wavuvi wenyewe walishangaa kuona wageni wanatetemeka mbele ya samaki ambaye nyama yake ina mafuta mengi na haina soko. Habari hiyo haina laana wala binti. Labda ndiyo sababu haikupaa.

Sasa tufike pale tulipoahidi.

Saudi Arabia ilitunga sheria ya makosa ya mtandao mwaka 2007. Kifungu chake cha 6 kinasema anayeandaa au kusambaza kitu kinachogusa nidhamu ya umma, maadili ya dini, adabu au faragha anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi riyali milioni 3. Lile neno kusambaza ndilo lenye uzito. Hukukitunga, umekipitisha tu kwenye grupu la watu wa Korogwe, na bado ni wako. Dereva anayelipwa riyali elfu moja na mia kadhaa kwa mwezi akikaa kuipigia hesabu milioni 3 atacheka kicheko ambacho si cha furaha.

Wala kwetu si peponi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Kenya ikapitisha yake mwaka 2018. Uganda nayo, kuanzia Julai 2018, iliwatoza wananchi shilingi 200 kila siku kwa kuingia WhatsApp, Facebook na ndugu zake, serikali ikisema wazi kwamba umbea umezidi. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 kwenye bando. Hapo ukimtumia shangazi yako wa Jinja picha ya paka, serikali inapata sehemu yake ya paka.

Mchekeshaji Idris Sultan, aliyeiletea Tanzania ushindi wa Big Brother Africa mwaka 2014, aliitwa na polisi Oktoba 2019 baada ya kubadilisha sura yake na ya Rais Magufuli katika picha siku ya kuzaliwa kwa rais. Mwezi Mei 2020 alikamatwa tena. Safari hii alikuwa amejirekodi akicheka. Alichokicheka ni picha ya zamani ya rais. Hakutukana, hakusema neno la siasa. Alicheka mpaka akaishiwa pumzi, kama tunavyocheka sote tukiona picha za ujanani. Alikaa rumande zaidi ya wiki, na alipofikishwa mahakamani shitaka lililosomwa lilihusu laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kicheko chenyewe hakikuwa na kifungu.

Msomaji akijua hayo, ataelewa kwa nini grupu za Waswahili waliopo Saudi Arabia zina sheria zao ambazo hazikuandikwa popote. Hakuna siasa za nyumbani, hakuna siasa za hapa, hakuna picha ya mwanamke bila ridhaa yake, hakuna picha ya ndani ya nyumba ya tajiri. Msimamizi wa grupu, mara nyingi mtu mzima aliyekaa miaka mingi na anayeitwa mjomba na kila mtu, hufuta bila maelezo. Kinachobaki ni wanyama. Paka hana chama. Ngamia hana madhehebu. Mambo ambayo hayasemeki yanapitia humo humo.

Tuchukue mfano wa akina dada wa kazi za ndani, wale ambao Wakenya na Waganda wanawaita makadama. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika Saudi Arabia mwaka 2021, ya kumwezesha mfanyakazi kubadilisha mwajiri na kusafiri bila kibali cha kafili, hayakuwahusu wao. Wengi wako katika nyumba njema na hawana malalamiko. Wengi wengine hawajui kama wako katika nyumba njema mpaka mlango ufungwe nyuma yao. Simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa, au kukaguliwa. Dada anayejua kwamba simu yake inakaguliwa usiku hawezi kuandika kwamba hajalipwa miezi mitatu. Anaweza kutuma paka.

Tunazijua familia za Pwani ya Kenya zilizokubaliana hivyo na binti zao kabla ya ndege kuondoka. Haikuandikwa, ilisemwa jikoni. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, binti atume mnyama. Paka wa nyumba akilala, mambo ni mazuri. Paka amesimama, kuna tatizo lakini linavumilika. Akituma ndege, hata ndege wa kuchora, baba amwone wakala siku hiyohiyo. Mwenye kuikagua simu ataona nini? Ataona mtu anayependa wanyama, na katika nchi ya Kiislamu kupenda paka ni sifa. Sahaba Abu Huraira ameitwa hivyo kwa ajili ya paka.

Mama mmoja wa vijiji vya nyuma ya Kilifi alikaa Ijumaa tatu bila ya kupata mnyama yeyote. Ya kwanza alisema mtandao. Ya pili alikwenda kwa wakala, akaambiwa arudi kesho. Baina ya pili na ya tatu alikuwa hali. Wanawe wengine walimwonyesha picha za kumchekesha kwenye simu zao na yeye akawa anawauliza kila moja imetoka wapi, huenda ikawa ya dada yao imepotea njia. Ijumaa ya nne akaingia paka wa rangi ya machungwa, amelala chali juu ya zulia. Nyumba nzima ilikuwa imesafiri, kumbe, na simu ikafungiwa kabatini. Mama aliisambaza picha ile kwa ukoo mzima bila neno lolote. Waliokuwa hawajui walijibu kwa vicheko, wakasema paka mvivu huyo.

Wako ambao paka hakurudi. Balozi zetu zinayo majina yao, na tumeshaandika na tutaandika tena.

Jeddah ilitufundisha jambo jingine kuhusu tabia hii. Mji ule wa bahari una ucheshi wake, na ulikuwa na ziwa ambalo Wasaudia waliliita Ziwa la Miski, yaani manukato. Lilikuwa ziwa la maji machafu. Malori ya kunyonya vyoo yaliyamwaga humo mashariki ya mji kwa miaka mingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya Jeddah haikuwa na mabomba ya maji taka, na watu wakalipa jina kwa kinyume chake kama Mswahili anavyomwita mtu mfupi Twiga. Utani huo ulitumwa kwa simu miaka nenda miaka rudi. Tarehe 25 Novemba 2009, siku mahujaji walipokuwa wanaelekea Mina, mvua ya saa chache iliuzamisha mji. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi katika mitaa ya maskini ya mashariki iliyojengwa kwenye njia za mabonde. Simu zilezile zilizozoea kurushiana vichekesho ndizo zilizoonyesha magari yakielea kama maboksi, kabla magazeti hayajajua la kuandika. Na ghafla watu hawakuwa wanacheka tena habari za Ziwa la Miski, walikuwa wanaogopa kingo zake zisipasuke. Hazikupasuka. Mfalme Abdullah akaunda tume ya uchunguzi, maofisa wakashitakiwa, ziwa likaamriwa likaushwe.

Baada ya hayo turudi kwa wanyama.

Zamu ya Riyadh kutuma hufika kila mwaka na mashindano ya uzuri wa ngamia, tamasha la Mfalme Abdulaziz linalofanyika jangwani nje ya mji. Zawadi zake ni mamilioni ya dola. Waamuzi wanatazama kichwa kikubwa, shingo ndefu, nundu ya duara, na mdomo, mdomo hasa, uwe mnene na unaoning'inia. Januari 2018 ngamia 12 waliondolewa kwa sababu wenyewe waliwapiga sindano za Botox. Desemba 2021 wakaondolewa zaidi ya 40, kwa Botox, kujazwa midomo na udanganyifu wa namna nyingine, waamuzi wakitumia eksirei. Hii si barua ya Bluetooth, ni habari iliyotangazwa na shirika la habari la serikali yenyewe. Nyumbani wengi waligoma kuiamini. Binti wa Oman waliamini, ngamia wa Botox wakasema chumvi imezidi.

Zamu nyingine ni ya Taif, kwenye barabara ya Al-Hada inayopanda mlima kwa mizunguko. Huko nyani wenye manyoya ya kijivu mabegani kama majoho wanakaa ukingoni mwa barabara wakingoja ndizi za wapita njia, ingawa serikali inawakataza watu wasiwalishe. Ndio nyani walewale wa Eritrea, Ethiopia na Somalia, ng'ambo ya Bahari ya Sham. Madereva wetu huwapiga picha na kuandika chini yake kwamba nimemkuta mtu wa kwetu, naye hana ikama.

Jibu la Pwani kwa ngamia ni punda. Lamu ina punda maelfu na magari ya kuhesabika, ina hospitali ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987, na wakati wa Maulidi kuna mashindano ya mbio ambayo vijana wanayapanda bila tandiko katika vichochoro na ufukweni, watu wakirukia vibarazani. Video za mwaka huu zikifika Olaya zinatazamwa na Wapakistani na Wasudani pia, na kubashiri kunaanza papo hapo, kwa chai si kwa fedha.

Msimu uliopita mlinzi mmoja wa Olaya, mzaliwa wa Lamu, aliwatumia ndugu zake habari kamili za ngamia waliofukuzwa, pamoja na kiasi cha zawadi. Jibu lilimfikia usiku uleule, kwa sauti, kutoka kwa ami yake ambaye ana punda wawili wa kubebea mchanga. Ami alitaka kujua mambo matatu. Sindano ile ni bei gani, inadumu muda gani, na kama imeshajaribiwa masikioni.